Kabla ya Kuchapa Dodoso, Shuka Mwaloni

Dodoso la kwanza nililoliandaa mwenyewe lilihusu kipato cha akina mama wanaoanika dagaa katika mwalo mmoja (mahali mitumbwi inaposhushia samaki) wa Ilemela, Mwanza, na swali lake la tatu liliuliza: "Mwezi uliopita ulipata kiasi gani?" Majibu yalipopishana mno, ilhali wahojiwa walifanya kazi ileile katika mwalo uleule, nilidhani wananificha, mpaka mama mmoja aliponiuliza kwa upole: "Mwanangu, unauliza mwezi wa kalenda au siku za giza?" Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa hawavutwi vizuri na mwanga wa taa hizo, hivyo mitumbwi mingi hupumzika. Wapo waliokuwa wamehesabu siku za giza peke yake, wapo waliojumlisha siku zote thelathini, na wapo walionitajia mauzo kabla ya kutoa gharama ya kununulia mzigo. Madodoso yote yalikuwa yameshachapwa.

Tangu siku hiyo silichapi dodoso kabla ya kulijaribu kwa watu kumi hadi kumi na watano wa palepale, ambao baadaye siwaingizi katika sampuli, yaani kundi la watakaohojiwa. Siwaombi wajibu tu, bali namwomba kila mmoja anieleze kwa maneno yake swali linataka nini, kwa kuwa hapo ndipo ninapogundua kwamba "kipato" kwake ni mauzo, au kwamba kiasi hupimwa kwa ndoo na si kwa kilo. Kwa wazee wanaozungumza zaidi Kisukuma, mtu mmoja hutafsiri maswali, na mwingine ambaye hajaiona nakala ya awali huyarudisha katika Kiswahili. Tofauti zinazojitokeza ndizo za kurekebisha.

Kuhusu idadi ya wahojiwa, wengi huikariri 384, ambayo ni ya jamii kubwa, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5, yaani ukirudia utafiti mara 100, takriban mara 95 makadirio hayatapishana na ukweli kwa zaidi ya asilimia 5 juu au chini. Mwalo wenye waanikaji 600 unahitaji takriban 235 kwa vigezo hivyohivyo. Hata hivyo, mimi huhangaika zaidi na namna ya kuwapata kuliko idadi yao, kwani ukihoji asubuhi tu utawakosa walioondoka kupeleka mzigo sokoni, na ukitegemea orodha ya viongozi wa mwalo peke yake utawaacha wasioandikishwa, ambao mara nyingi ndio wenye mtaji mdogo.

Jambo jingine ni mahali pa mahojiano. Mvuvi anayeulizwa juu ya mgawo wake huku tajiri wa mtumbwi amesimama hatua tatu kutoka hapo atajibu kwa kumridhisha tajiri. Omba ruhusa kwa viongozi, kisha msogee pembeni mkae, uanze na maswali ya kazi yenyewe, na la fedha uliache mwishoni, ukilitaja kwa majina ya siku wanazozihesabu wao: "Katika giza lililopita, baada ya kutoa gharama, ulibaki na shilingi ngapi?"