Bendera ya Taifa kwenye Magari ya Kampuni: Kibali Unachouziwa Hakipo

SWALI: Wakili, salamu kutoka Mombasa. Nina kampuni ndogo ya utalii inayopeleka wageni Tsavo, Shimba Hills na Diani kwa vani sita. Sikukuu ya Jamhuri inakaribia, nami ningependa kila gari liwe na bendera mbili ndogo za Kenya kwenye boneti, pamoja na stika kubwa ya bendera ubavuni, na jina la kampuni chini yake. Fundi wa stika anasema stika si bendera, kwa hiyo sheria haiihusu, na kwamba bendera ndogo zinaruhusiwa mradi zisizidi kipimo fulani. Kuna pia mtu anayetaka kututafutia "kibali cha bendera" cha kila gari kwa ada, kibandikwe kwenye kioo cha mbele. Leseni ya kaunti ya matangazo kwenye magari tunayo. Je, tuendelee? Na bendera ikae upande gani?

JIBU: Ndugu yangu, usiendelee. Bendera za boneti ziache kabisa. Stika ya ubavuni isichapishwe mpaka uwe na ruhusa ya maandishi kutoka kwa Waziri anayehusika, na yule mtu wa kibali usimpe hata shilingi moja. Kuhusu kipimo alichokutajia fundi, sheria haina kipimo kama hicho. Bendera ya ukubwa wa kiganja na ile ya ukubwa wa shuka ni bendera ile ile.

Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99 ya Sheria za Kenya, inaligusa gari lako mara mbili, na wanaokushauri wanazichanganya hizo mara mbili kuwa moja. Ya kwanza ni kupeperusha bendera kwenye gari. Hapo sheria inamkataza kila mtu, kisha inawatoa wakuu wachache wa dola, wakiwemo Rais, Naibu wa Rais, Jaji Mkuu, Mawaziri na Maspika wa mabunge yote mawili. Wanadiplomasia nao wana haki yao, ambayo chimbuko lake ni Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, unaomruhusu mkuu wa ubalozi kuweka bendera ya nchi yake kwenye ofisi, makazi na chombo chake cha usafiri. Anayevunja katazo hili akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kufungwa kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili. Utakumbuka mvutano uliozuka baada ya uchaguzi wa mwaka 2013, wakati magavana walipoanza kupeperusha bendera ya taifa kwenye magari yao, na Bunge likaamua kwamba hawamo katika orodha. Ikiwa kiongozi aliyepigiwa kura na kaunti nzima ameambiwa aishushe, sioni ni kwa hoja gani vani ya watalii itabaki nayo.

Kifungu hicho hakitaji fomu ya maombi, ada wala leseni. Ndiyo maana nasema kwamba kibali cha kupeperusha bendera ya taifa kwenye gari la kampuni hakipo, na anayekuuzia kitu kisichokuwapo anakuibia. Maneno yake kwamba ana "mtu wake ndani ya wizara" hayabadilishi chochote, kwa kuwa hata huyo mtu wa ndani hana mamlaka ya kuongeza jina lako katika orodha iliyopitishwa na Bunge.

Jambo la pili ni kuitumia bendera kwa ajili ya biashara, na hapa ndipo maneno ya fundi wa stika yanapoanguka. Sheria inakataza kutumia nembo zilizotajwa humo, bendera ya taifa ikiwa mojawapo, kuendeleza au kutangaza biashara, kazi au taaluma yoyote bila ruhusa ya maandishi ya Waziri. Haijali kama bendera imeshonwa kwa kitambaa, imechapishwa kwenye stika au imepakwa rangi kwa brashi. Tena inazuia hata mfano unaoigwa ili ufanane nayo. Bendera iliyo ubavuni mwa gari la biashara, na jina la kampuni likiwa chini yake pamoja na namba ya simu, ni tangazo, hata ukiiita pambo. Leseni yako ya kaunti inahusu ada ya kutangaza kwenye gari, na haina uwezo wa kukuruhusu kutumia alama ambayo kaunti yenyewe haina mamlaka juu yake. Wala usidhani utaikwepa sheria kwa kuifanya bendera kuwa sehemu ya alama yako ya biashara: Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Paris unaolinda mali ya viwanda, na kifungu cha 6ter cha mkataba huo kinazitaka nchi wanachama zikatae kusajili bendera za mataifa kuwa alama za biashara.

Hata hivyo, fundi na yule dalali wa kibali si wanaonisumbua zaidi. Kinachonisumbua ni fikra iliyo nyuma ya swali lako, ambayo naikuta kwa wafanyabiashara waungwana kabisa: kwamba bendera ni yetu sote, mimi ni mzalendo, basi uzalendo wangu ndio kibali changu. Naiheshimu nia hiyo, lakini hitimisho lake si sahihi. Kwa kuwa bendera ni yetu sote, hakuna mmoja wetu anayeruhusiwa kuitumia kujinadi mbele ya wenzake. Kampuni jirani inayopeleka wageni Diani kwa vani zisizo na bendera ina haki sawa na yako juu ya rangi hizo, na mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Moi akaziona kampuni hizo mbili zimesimama sambamba atadhani yenye bendera ndiyo inayotambuliwa na serikali. Huko si kuonyesha uzalendo, ni kuazima dhamana ya dola bila kuombwa wala kuruhusiwa. Siku gari litakapoharibika gia Voi saa mbili usiku, na wageni wakaachwa kando ya barabara wakisubiri gari lingine, picha watakayowatumia jamaa zao itakuwa ya bendera ya Kenya kwenye mlango wa gari bovu.

Bendera ya boneti ina hatari yake ya ziada. Askari wa kizuizi cha barabarani na mlinzi wa lango wamezoea kwamba gari lenye bendera kwenye boneti limebeba mkubwa wa dola au balozi, nao huliachia njia kwa adabu. Ukiiweka wewe, umewadanganya kabla dereva hajafungua kinywa. Itifaki yenyewe inaonyesha kwamba bendera hiyo ni ya mtu na cheo chake, si ya gari: mkubwa akishuka na gari likarudi tupu, bendera huondolewa au huvikwa kifuniko chake. Kwa sababu hiyo hiyo, ukikodishwa na ubalozi, usimruhusu dereva wako aendelee kupeperusha bendera ya nchi ile baada ya balozi kushuka, wala usiweke bendera za nchi za wageni wako kwenye boneti kwa nia ya kuwakaribisha. Mtalii kutoka Ujerumani si ubalozi wa Ujerumani.

Wengi hunijibu kwamba mbona bangili za shanga zenye rangi za bendera zinauzwa kila kona, na mbona siku ya mechi kubwa watu hufunga bendera madirishani mwa magari na hawakamatwi. Kutokamatwa si ruhusa. Polisi wanaweza kuufumbia macho umati unaoshangilia kwa saa mbili, lakini gari lenye jina la kampuni, namba ya simu na bendera barabarani kila siku ni ushahidi unaojitembeza wenyewe, na mshindani mmoja mwenye kinyongo anatosha kuupeleka kituoni.

Kuna pia namna stika hizi zinavyotengenezwa, na hapa nakuomba utoke nje uziangalie zile ambazo tayari ziko barabarani. Bendera yetu, iliyopandishwa rasmi tarehe 12 Desemba 1963, ina mistari mitatu mipana iliyo sawa, mweusi juu, mwekundu katikati, wa kijani chini, ikitenganishwa na mistari miembamba myeupe ambayo kila mmoja ni sehemu ya sita ya upana wa mstari wa rangi, na katikati ina ngao na mikuki miwili myeupe iliyopishana. Urefu na kimo chake ni uwiano wa 3 kwa 2. Fundi mwenye haraka huivuta ijae ubavu mzima wa vani mpaka ngao inalala bapa kama samaki, au huiacha mistari myeupe kwa sababu inamsumbua kukata. Mlango wa kuteleza ukifunguliwa, nusu ya ngao huenda nyuma na mlango na nusu hubaki, mkuki mmoja ukakatwa na mpira wa mlango na mwingine ukatobolewa na kitasa. Mstari wa kijani huishia kwenye mkingo wa tairi na kupokea tope lote la Tsavo. Baada ya misimu michache ya jua la Pwani, wekundu hugeuka rangi ya waridi na pembe huanza kubanduka. Bendera ya kitambaa katika hali hiyo ingeshushwa na kuondolewa kwa heshima. Ya stika huachwa hivyo hivyo, kwa sababu kuibandua ni gharama.

Kuhusu upande, bendera yetu haina tatizo la kushoto na kulia, kwani sura yake ni moja ukiitazama kutoka pande zote mbili. Lisilosameheka ni kuigeuza kijani kikawa juu. Ofisini, ukiitundika ukutani kwa wima, mweusi uwe upande wa kushoto wa anayeitazama. Ukiwa na mlingoti, bendera hupandishwa asubuhi na kushushwa jioni, haiguswi na ardhi, na siku ya maombolezo hupandishwa kwanza hadi kileleni ndipo ishushwe nusu mlingoti.

Ukitaka kuomba ruhusa ya stika kwa njia iliyo sahihi, mwandikie Waziri kwa jina la kampuni, ambatanisha mchoro wenye vipimo kamili na mahali stika itakapokaa, orodhesha namba za usajili wa magari yote sita, na ueleze shabaha yako bila kuipamba. Usichapishe kabla ya kupata jibu, kwa maana kimya cha ofisi si idhini. Sikufichi kwamba ningekuwa wewe ningeliacha ombi hilo na kumwambia mchoraji aweke tembo wekundu wa Tsavo au jahazi lililotanda tanga. Mgeni atajua yuko Kenya, na hutalazimika kumwomba mtu ruhusa.

Sasa niseme na wengine wote wenye magari ya kampuni, kwa kuwa barua kama hii huja zaidi kila tarehe 1 Juni, 20 Oktoba na 12 Desemba zinapokaribia. Hao wanaozunguka gereji na maduka ya stika wakiuza kadi zilizotiwa plastiki, zenye nembo ya taifa juu na mhuri usiosomeka chini, wanawauzia kosa la pili juu ya la kwanza, kwa sababu ile nembo iliyo kwenye kadi nayo inalindwa na sheria hiyo hiyo. Dereva anayemwonyesha askari kadi hiyo ametoa hati ya uongo, na akiulizwa aliitoa wapi atamtaja mwajiri wake. Fundi wa stika hatakuwapo siku hiyo. Kitabu cha gari kina jina la mwenye gari, na risiti ya fundi, ikiwa aliitoa, imeandikwa "kazi ya stika" tu.

Kwa yule ambaye ameshalipa: usiibandike kadi, wala usiichane kwa hasira. Iweke pamoja na ujumbe wa simu unaoonyesha namba iliyopokea pesa, mazungumzo yenu yote na jina alilojitambulisha nalo, uandike tarehe na mahali mlipokutana wakati bado unakumbuka, kisha upeleke vyote katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe, na usiondoke pale kabla hujapewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.