Maswali yenu: 2030 chama kimsimamishe nani?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari za wagombea urais, basi tumefungua mzinga. Meseji zimekuja mpaka simu ya ofisini ikawa inazima yenyewe. Nimechagua chache, za matusi nimeziacha hukohuko zilikotoka.

Shikamoo mzee. Kijiwe chetu kiko Mbagala Rangi Tatu, kila jioni tunabishana CCM 2030 imsimamishe nani maana mama muda wake utakuwa umeisha kikatiba. Wengine wanasema sasa zamu ya Bara, wengine wanataka kijana, wengine wanataka mtu aliyekwisha kaa serikalini miaka na miaka. Juzi nusura watu wamwagiane kahawa. Wewe ungemtaka nani? (Msomaji, Mbagala)

Marahaba mwanangu. Jina sikupi, na si kwamba naogopa, ila ukweli ni kwamba hapo kijiweni mnabishania kitu ambacho hata mjumbe wa mkutano mkuu mwenye kitambulisho shingoni mara nyingi hapati nafasi ya kukiamua. Swali lenu mnaanza na "nani asimamishwe", mimi ningeanza na "nani anakata majina", maana huyo ndo anayechagua, wengine wanakuja kupiga makofi.

Angalia tu mlolongo wenyewe. 1995 kwenye mkutano mkuu wa CCM pale Chimwaga Dodoma yalifika ukumbini majina matatu, Kikwete, Mkapa na Msuya, na hakuna aliyekuwa na uhakika. Raundi ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336, hakuna aliyevuka nusu, ikabidi warudie, Mkapa akashinda kwa 686 dhidi ya 639. Kura 47 bwana! Yaani basi moja la wajumbe lingepata pancha njiani leo historia ya nchi hii tungeisimulia vingine. Sasa hata huo mwaka jina la Lowassa halikufika ukumbini, kila mtu anajua Mwalimu Nyerere hakumtaka, kwa hiyo msinielewe vibaya mkadhani nasema zamani kulikuwa peponi. Ila kilichobaki baada ya kukatwa kilikuwa na ushindani wa kweli.

2005 Kikwete akapata 1,072, Salim Ahmed Salim 476, Mwandosya 122. Hapo tayari mshindi alijulikana mapema, na fitina alizopigwa Salim nyie mliokuwa wadogo waulizeni wakubwa zenu. Halafu 2015 ndo ikawa hadithi. Watu zaidi ya 40 wanachukua fomu, wanazunguka mikoa 15 kutafuta wadhamini 450, tena mitatu lazima iwe ya Zanzibar, magari yanaungua mafuta nchi nzima, halafu usiku mmoja Kamati Kuu inatoka na tano bora: Magufuli, Membe, January Makamba, Migiro na Amina Salum Ali. Lowassa, aliyekuwa na kundi kubwa kuliko wote, hayumo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu hiyohiyo, Nchimbi, Sophia Simba na Kimbisa, wakatoka nje kwa waandishi wakasema hawakubaliani. Kesho yake Kikwete anaingia kikao cha Halmashauri Kuu, watu wanamwimbia usoni kwamba wana imani na Lowassa. Mwenyekiti wa chama anaingia ukumbini mwake, anaimbiwa jina la mtu aliyemkata! Ile picha mpaka leo nikiikumbuka nacheka, kwa sababu waliokuwa wanaimba, muda si mrefu baadaye wengi wao walipanga foleni kumpigia Magufuli, akapata 2,104, Amina 253, Migiro 59. Asilimia 87. Unaniambia hao ni wajumbe walewale? Ndiyo, walewale.

Na huyo Nchimbi aliyetoka nje kulalamika, 2024 akawa Katibu Mkuu na 2025 mgombea mwenza. Siasa za CCM ukizifuata kwa hasira utaumia bure.

Januari 2025 sasa, mkutano mkuu maalumu uliitwa Dodoma kumpata makamu mwenyekiti Bara baada ya Kinana kung'atuka, akapatikana Wasira, na hapohapo wajumbe wakapitisha azimio kwamba Rais Samia ndiye mgombea, hakuna fomu ya mwingine, hakuna mchujo. Polepole alipojiuzulu ubalozi kule Cuba mwezi wa saba, moja ya hoja zake ilikuwa ni utaratibu huo. Sasa piga hesabu mwenyewe: tumetoka kwenye tofauti ya kura 47, tukaja asilimia 87, tukaja jina moja. Ndo maana nawaambia kijiwe chenu kibishane kitu kingine kwanza, kwamba je 2030 majina mangapi yataachwa yafike ukumbini. Yakifika matatu yenye nguvu sawa, hapo nitakutajia wangu tena kwa sauti. Zamu ya Bara, zamu ya Visiwani, kijana, mzee, hayo yote ni mapambo tu kama mkasi uko mkononi mwa watu wachache usiku wa manane.

Kamanda, mimi ni Chadema damu, nipo Moshi. Mpaka leo hapa nyumbani hatuelewani na kaka yangu. Yeye anasema 2015 tuliharibu kumwacha Dk. Slaa tukamchukua Lowassa. Mimi nasema tulipata kura nyingi kuliko wakati wowote. Nani mkweli? (Msomaji, Moshi)

Wote wawili, na hilo ndo tatizo. Wewe una namba, kaka yako ana kumbukumbu.

Namba zako ni hizi: 2010 Slaa alipata kama asilimia 27, 2015 Lowassa akapata karibu 40, kura milioni sita na ushee, na majimbo yakaongezeka kutoka 23 hadi zaidi ya 30. Hakuna mpinzani wa urais aliyewahi kufika hapo tangu vyama vingi virudi. Sasa kumbukumbu ya kaka yako ni hii: Septemba 2007 pale Mwembe Yanga, Temeke, Slaa alisimama akasoma orodha ya watu aliowaita mafisadi, na Lowassa alikuwemo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu kwa sababu ya Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme. Chama kikajengwa karibu miaka minane kwa hotuba hiyo! Vijana walipigwa mabomu ya machozi kwa ajili ya hotuba hiyo, halafu mwishoni mwa Julai 2015 mtu huyohuyo anavalishwa gwanda la Chadema, wiki moja baadaye ndiye mgombea. Slaa akajiondoa, Profesa Lipumba naye akaachia uenyekiti wa CUF ingawa ndo walikuwa pamoja kwenye UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani.

Mimi nakubali hesabu ya viongozi wenu, ila siwasamehi namna walivyofanya. Chama chenye wanachama wengi vile kiliamua jambo zito vile kwa mazungumzo ya watu wachache vyumbani, mwanachama wa kawaida akaja kuona kwenye tivii. Wangemleta Lowassa na Slaa wote mbele ya mkutano, wajumbe wakawahoji, wakapiga kura, hata kama angeshinda Lowassa kaka yako leo angekuwa amenyamaza. Na Machi 2019 Lowassa aliporudi CCM, nyie mliobaki mkaonekana kama watu walioazimwa. Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki Februari 2024, siyo yeye ninayemsema hapa, nasema chama.

2020 lakini mlijirekebisha. Lissu alipigiwa kura 405, Nyalandu 36, mwingine kura 1. Utasema hiyo nayo ni kura ya kupitisha tu, lakini Nyalandu alisimama, akajieleza, akashindwa mchana kweupe, na hakuna aliyelia kukatwa jina.

Na wenzenu wa ACT-Wazalendo 2025 nao wana la kujifunza. Mpina katoka CCM mwezi wa nane, siku chache tu keshapitishwa kugombea urais, mwanachama wao akalalamika kwamba kanuni za chama zenyewe hazikufuatwa, Msajili wa Vyama vya Siasa akatengua, Mahakama Kuu ikamrudisha, Tume ya Uchaguzi ikamwondoa tena. Unaweza kusema Msajili alikuwa na lake, na mimi sitabishana na wewe, lakini kwa nini umpe adui yako kanuni yako mwenyewe akupige nayo?

Assalaam alaykum. Mimi naishi Mwera, Unguja. Nisichokifahamu ni kwa nini mgombea urais wa Zanzibar wa CCM anaamuliwa Dodoma na watu ambao wengi wao hawapigi kura huku. (Msomaji, Unguja)

Waalaykum salaam. Hilo halina fumbo, limeandikwa kwenye utaratibu wa chama: Zanzibar inatoa mapendekezo, Kamati Kuu inachuja, Halmashauri Kuu ya Taifa inapiga kura, na kwenye Halmashauri Kuu watu wa Bara ni wengi. 2000 ndo watu walilia zaidi, Dk. Bilal aliongoza kule kwenu, Dodoma wakampitisha Amani Karume. 2020 Hussein Mwinyi akapata 129, Khalid Salum Mohamed 19, Shamsi Vuai Nahodha 16. Ningekuwa mwana CCM wa Unguja ningedai jambo moja tu, kwamba kura za kule visiwani zitangazwe hadharani kabla ya kwenda Dodoma, Dodoma wakitaka kupindua wapindue huku watu wote wameona.

Mwandishi sasa, mimi ni mkaaji wa Likoni, Mombasa. Tangu Baba atutoke, ODM hatulali. Wengine wanataka chama kisimamishe mtu wetu 2027, wengine wanasema tumuunge mkono Ruto. Wewe waonaje? (Msomaji, Mombasa)

Poleni sana na msiba, Raila alikuwa wa Afrika Mashariki yote. Mimi wa huku si mwanachama wenu kwa hiyo nitasema kama jirani tu. Nyie mna mifano miwili ya nyumbani inayotosha.

Wa kwanza ni 14 Oktoba 2002. Siku moja, mji mmoja. Kasarani, KANU, chama tawala cha wakati ule, wanamthibitisha Uhuru ambaye Moi alikwisha kumchagua mapema peke yake, na Uhuru Park wale waliokataa kuchaguliwa mtu wamekusanyika, ndipo Raila akasema "Kibaki Tosha". Desemba Kibaki akapata asilimia 62, Uhuru 31. Mzee Moi hakushindwa kwa sababu Uhuru alikuwa mbaya, maana Uhuru huyohuyo alikuja kuwa rais, alishindwa kwa sababu alichagua peke yake.

Wa pili ni Septemba 2007, Kasarani hapohapo. Raila kura 2,656, Mudavadi 391, Ruto 368. Walioshindwa wakabaki jukwaani wakapiga kampeni pamoja nchi nzima. (Eti 368. Ndiye rais wenu leo.) Kalonzo ndo hakusubiri kura hiyo, alishaondoka na ODM-Kenya.

Kwa hiyo kama mtamuunga mkono Ruto au mtasimamisha wenu, hilo ni lenu, lakini lipigiwe kura Kasarani ikibidi siku nzima mpaka usiku. Likitoka kwenye chakula cha mchana cha watu sita, chama kitapasuka tu, kila upande utasema ndio wenye Baba.

Mjomba mi niko Minneapolis huku, nashangaa kwa nini vyama vya nyumbani visiache wanachama wote wapige kura kumchagua mgombea kama Marekani. (Msomaji, Marekani)

Mbona huko kwenu 2024 Biden alishinda kura za mchujo za majimbo yote halafu mwezi wa saba akajitoa, wajumbe wakampitisha Harris kwa kura za mtandaoni? Hata huko wakubwa wana mlango wa nyuma wakibanwa.

Wa kuigwa karibu ni Ghana. Chama cha NPP Novemba 2023 kilikuwa na wapiga kura zaidi ya laki mbili kutoka nchi nzima, Bawumia akapata asilimia 61. Gharama? Kubwa. Rushwa? Wanalalamika kama sisi, tofauti ni kwamba kuhonga laki mbili ni kazi kuliko kuhonga elfu mbili. Lakini hata wao kabla ya hapo kulikuwa na mchujo wa wakubwa wa chama, majina kumi yakabaki matano, na Alan Kyerematen baada ya kuona mchujo ule akatoka kwenye chama akagombea peke yake. Na Desemba 2024 Bawumia akapigwa na Mahama. Kupiga kura wengi hakukupi ushindi, kunakupa mgombea ambaye wenzake hawawezi kusema alipachikwa.

Hivi watu 40 wote wanachukua fomu ya urais ya nini, na wengi wao hata ubalozi wa nyumba kumi hawapati? (Msomaji, Mpanda)

Ukuu wa wilaya.