Ile CD ndani ya gari

Mwanangu,

Jumapili ulipolirudisha gari uliniuliza ukiwa bado mlangoni, funguo mkononi: "Baba, wewe mtu wa rumba, CD ya hii bendi ya rock ya Marekani, Lynyrd Skynyrd, umeipata wapi? Hawa si wale wa bendera ya waliopigania utumwa?" Nikacheka nikakukwepa. Leo nakujibu.

Nilipewa na mzee mmoja Mzungu tuliyekuwa naye zamu ya usiku kiwanda cha kuku, mwaka wetu wa kwanza hapa Georgia. Kiingereza changu kilikuwa cha salamu tu, vidole vimekufa ganzi kwa ile baridi ya ndani. Alfajiri alinipa lifti mpaka Clarkston. Siku moja akaweka wimbo wa mwisho wa CD hiyo, Free Bird. Ukaanza taratibu, kinanda na gitaa linalolia kwa mbali, nikasinzia. Mara mwendo ukabadilika, gitaa likachomoka. Nikashtuka, nikamwambia kwa Kiswahili, "Mzee, hii ni sebene!" Hakuelewa neno, ila aliongeza sauti.

Wewe unaijua sebene tangu harusi za kambini Nyarugusu, kule Tanzania: mwimbaji amemaliza yake, anawaachia magitaa uwanja, na watu ndiyo kwanza wanainuka vitini. Wimbo huu una dakika 9 na ushee, na karibu nusu yake hakuna anayeimba. Solo ile aliipiga mpiga gitaa wao Allen Collins, kisha akarekodi tena juu ya ile ya kwanza, ndiyo maana unasikia kama mapacha wanakimbizana.

Nilipoanza kuulizia habari zao nikagundua albamu hii, ya kwanza kwao, ilirekodiwa 1973 hapo hapo Doraville, tunakokwenda kununua sombe! Vijana wenyewe walitoka Jacksonville, Florida. Jina la bendi ni la mwalimu wao wa michezo, Leonard Skinner, aliyewaandama kwa nywele ndefu. Wakalipotosha tahajia, halafu jalada la albamu likabidi lifundishe watu kulitamka. Walifanyia mazoezi kwenye kibanda cha bati porini, joto lake wakaliita la jehanamu. Al Kooper, aliyesimamia kurekodi, alikuta kila solo imeshapangwa noti kwa noti. Hapo ndipo waliponishika. Watu wengi hudhani muziki wa namna hii ni kelele za walevi, kumbe ni watu waliorudia kitu kilekile mpaka jasho likakauka mwilini.

Na ninayempenda kuliko wote si mwimbaji wao Ronnie Van Zant, ni mpiga kinanda, Billy Powell. Alikuwa mbeba vyombo wao. Siku moja kwenye dansi la shule akaketi kwenye piano akapiga utangulizi alioutunga mwenyewe wa Free Bird. Kumbe muda wote huo walikuwa wakimbebesha maspika mtu aliyesomea piano! Akaingizwa kwenye bendi. Mimi niliyekuwa nabeba makatoni, na cheti changu cha ualimu kimekunjwa ndani ya Biblia, hadithi hiyo niliielewa bila mkalimani.

Sasa ile bendera uliyoniuliza, ya majimbo ya Kusini yaliyopigana vita ili utumwa ubaki. Sitakudanganya. Kwenye jalada la albamu hii haimo; wamesimama tu barabarani Jonesboro. Na humo ndani kuna Things Goin' On, unaolalamika kwamba fedha zinamwagwa mwezini huku maskini wa mitaani wameachwa. Lakini baadaye waliitundika nyuma ya jukwaa, ikawa alama yao. Van Zant alikufa kwenye ajali ya ndege 1977. Mwaka 2012 waliobaki walitangaza kwamba wataiacha, mashabiki wakapiga kelele, wakarudi nyuma. Hilo lilinikera, na ndiyo sababu sijawahi kununua tiketi ya kwenda kuwaona, ingawa walipita Georgia mara nyingi. Yule mzee aliniuliza mbona siendi. Nikamwambia. Alinyamaza njia nzima, na kesho yake akanipitia kama kawaida.

Wiki ijayo ukilichukua tena gari, iache CD humo humo. Wimbo wa 7 una mkwaruzo, utarukaruka. Usibonyeze kitu, unafika wa 8 wenyewe.

Baba yako