Gari linalotembea kilomita chache ndilo la kumwagwa oili mapema

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili maana limenikumbusha injini niliyoipoteza. Unasema gari lako linatembea kama kilomita 4,000 tu kwa mwaka: kazini ni kilomita 4, mchana unarudi nyumbani, unakwenda tena, jioni unarudi. Stika ya fundi inasema sevisi ijayo ni baada ya kilomita 10,000, hujazifikisha, kwa hiyo oili iliyomo ina zaidi ya miaka miwili. Juzi umefungua kifuniko cha kujazia oili ukakuta uji wa rangi ya maziwa umeganda kwa ndani. Na mdau mmoja hapo juu kakujibu kwamba gari lisilotembea halichakai, subiri kilomita zitimie.

Usisubiri. Mwaga hiyo oili wiki hii, na filta yake ubadilishe pamoja.

Gari langu la kwanza nililinunua likiwa na kilomita 38,000. Aliyekuwa nalo alilitumia kwenda karibu karibu tu, nikaona nimepata gari ambalo bado jipya. Nikaendelea na mtindo uleule, kilomita tano kwenda kazini, tano kurudi. Oili nilimwaga nilipolinunua, nikamwaga tena kilomita 10,000 baadaye kama nilivyoambiwa. Ilipofika 57,000, taa nyekundu ya oili ikaanza kupepesa gari likiwa limesimama na injini ikiwa ya moto. Nikikanyaga mafuta kidogo, taa inazima. Nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, oili ipo hadi kwenye alama ya juu, nikaamini sensa ndiyo mbovu. Siku ya tisa injini ikaanza kugonga. Fundi alipofungua tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, ndani kulikuwa kweusi kama lami iliyomwagwa ikapoa. Aliposhusha sampu, bakuli la oili chini ya injini, tukakuta wavu wa pampu ya oili umeziba karibu wote, na beringi mbili za konrodi (mikono ya pistoni) zimeliwa hadi shaba inaonekana. Ile taa haipimi wingi wa oili, inapima presha, na presha ilikuwa haipo kwa sababu pampu ilikuwa inavuta kwa tabu. Ndani ya miaka minne oili ilikuwa imebadilishwa mara mbili tu, na zote mbili zilikuwa "kwa wakati" kwa mujibu wa kilomita.

Sasa kwa nini safari fupi inaua kiasi hicho? Petroli ikiungua inatoa maji. Lita moja ya petroli ikiungua vizuri hutoa maji yanayokaribia lita moja, ila yanatoka kama mvuke. Sehemu kubwa hupitia egzosti, ndiyo maana asubuhi unaona matone kwenye bomba la nyuma. Lakini kiasi fulani cha gesi hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu. Injini ikiwa baridi, mvuke huo unageuka maji humohumo ndani na kuchanganyika na oili. Tena injini baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida ili iwake, na ile isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda, nayo inaingia kwenye oili na kuifanya nyepesi.

Dawa ya vyote viwili ni joto. Oili ikikaa ya moto vya kutosha kwa muda, maji na petroli huyeyuka na kuvutwa na valvu ya PCV (ya kutolea mvuke kwenye sampu) kurudi kwenye injini viungue. Tatizo ni kwamba wengi tunaangalia mshale wa joto kwenye dashibodi. Ule unapima maji ya rejeta, na maji hupata moto haraka. Oili huchelewa nyuma yake sana. Mshale wako unafika katikati wakati unakata kona ya ofisini, unazima, na oili chini bado haijapata joto la kukausha chochote. Mchana unarudia, jioni unarudia. Maji yanabaki, yanatengeneza asidi, na viambato vilivyowekwa kwenye oili kuipoza hiyo asidi vinaisha hata kama gari halijaenda popote.

Chukua kalamu ufanye hesabu hii, mimi ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Kilomita 10,000 kwa safari za kilomita 4 ni kuwasha gari mara 2,500. Mtu wa safari za kilomita 80 anafikisha kilomita hizohizo kwa kuwasha mara 125. Sasa angalia saa. Kwenye foleni mwendo wa wastani wa kilomita 18 kwa saa ni wa kawaida kabisa, hivyo injini yako inafanya kazi saa 555 kufikisha 10,000. Anayekwenda 80 kwa saa kwenye barabara kuu anatumia saa 125. Odometa zinasoma sawasawa, lakini injini moja imefanya kazi zaidi ya mara nne ya nyingine, tena katika hali mbaya. Matrekta na jenereta hufanyiwa sevisi kwa saa za kazi, na hakuna anayeshangaa.

Hili si jambo la kubuni kwangu. Fungua kitabu kilichokuja na gari. Magari mengi yana ratiba mbili za sevisi, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya mazingira magumu. Watu wakisoma "mazingira magumu" wanafikiria jangwa na milima, wanaruka ukurasa. Soma orodha yenyewe: safari fupi za mara kwa mara, vumbi, kusimama muda mrefu injini ikiunguruma, kuvuta tela, kubeba mizigo mizito, joto kali na foleni. Wengi wetu tumo humo. Kwenye ratiba hiyo mara nyingi muda wa oili unakatwa nusu, na karibu kila mahali kuna maneno "au miezi kadhaa, kitakachotangulia". Hayo maneno "kitakachotangulia" ndiyo stika za gereji huyasahau.

Kwa hiyo kwako ningesema hivi: oili na filta kila miezi sita, bila kujali odometa inasema nini. Ndiyo, itakuwa imetembea kilomita 2,000 tu. Imwage. Na kwa sababu umekuta uji, hii ya kwanza utakayoweka usiiache miezi sita, imwage baada ya miwili au mitatu. Oili mpya ina sabuni ndani yake, itasafisha polepole. Mtu atakushauri uweke dawa ya kusafisha injini kwa dakika kumi kabla ya kumwaga. Kwa injini ambayo uchafu umeshajikusanya mimi siiweki, kwa sababu mabonge yakibanduka kwa pamoja yanakimbilia kwenye wavu uleule wa pampu ulioniulia injini. Unene wa oili fuata kitabu. Kama kimeandika 5W-30 weka hiyo, usikubali kuambiwa gari limezeeka sasa liwekewe nzito.

Jambo la pili, mara moja kwa wiki litoe gari kwenye barabara ya wazi, nusu saa au dakika arobaini za mwendo mzuri. Kuliwasha likiwa limesimama uani hakusaidii. Injini isiyo na mzigo inapata moto polepole mno, na unazidi kuongeza maji na petroli kwenye oili.

Safari hiyo ya wiki itaisaidia pia betri. Kupiga stata kunachukua umeme mwingi, na dakika kumi za foleni huku taa na feni vimewashwa hazirudishi wote. Nunua mita ndogo ya volti. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima inasoma karibu 12.6. Ikisoma 12.4 iko kama robo tatu, na ikishuka chini ya hapo kila asubuhi, ujue inajifia polepole. Betri mbili nilizitupa nikisema ni mbovu kutoka dukani, kumbe sikuwa nazipa nafasi ya kujaa.

Kama gari lako ni la dizeli na lina filta ya masizi, hali ni nzito zaidi. Filta ile hujisafisha kwa kuchoma masizi katika joto la nyuzi 600 hivi, na hilo linahitaji safari ndefu. Ukizima katikati kila siku, dizeli ya ziada iliyokuwa inapulizwa kwa kazi hiyo inashuka kwenye sampu. Ukiona kiwango kwenye dipstiki kinapanda badala ya kushuka, usifurahi, hiyo ni dizeli.

Sasa kuna mdau mwingine kauliza kama ratiba ya miezi sita inamhusu na yeye anatembea kilomita 30,000 kwa mwaka kwenye lami. Hapana, ndugu yangu, wewe fuata ratiba ya kawaida bila wasiwasi, injini yako inaishi vizuri kuliko zetu. Wewe angalia tairi na shokapu zaidi.

Gari langu la pili, pikapu, nalo linaenda mbali, ila kwenye vumbi, na humo adui ni mwingine. Oili inatoka bado ina afya. Kinachokufa ni hewa klina, filta ya hewa inayoingia kwenye injini. Vumbi lina chembe za mchanga, ngumu kuliko chuma cha silinda, na kiasi kidogo tu kikipita kila siku kinasaga ringi. Nilikuwa naipuliza kwa kompresa kila wiki nikidhani nafanya vizuri. Siku moja nikaishika juani nikaona vitundu vidogo kwenye karatasi, upepo wa kompresa ulikuwa umeichana. Tangu hapo sipulizi. Nabadilisha nusu ya muda uliotajwa kwenye kitabu, na nikifungua boksi lake napitisha kidole upande wa pili, ule unaoelekea kwenye injini. Kidole kikitoka na vumbi, ama filta ni mbovu ama haikukaa vizuri kwenye mpira wake. Usiifungue kila siku kuichungulia, kila ukiifungua vumbi kidogo linadondoka upande usiotakiwa.

Rudi kwako, kwa sababu kuna vitu vinavyozeeka kwa kalenda, na mtu wa kilomita chache ndiye hujisahau navyo. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani taratibu. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, mafuta yakichemka pedali inaenda hadi chini. Magari mengi yanataka yabadilishwe kila miaka miwili au mitatu, kilomita hazihusiki. Tairi nazo, tazama ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata (mikato ya tairi) zinaweza kuwa nzima na mpira umeshakauka na kupasuka nyufa. Mkanda wa taiming, kama injini yako inatumia mkanda na si cheni, una kikomo cha miaka pamoja na cha kilomita. Kwenye injini nyingi ukikatika valvu zinagongana na pistoni, na hapo unanunua kichwa cha injini. Oili ya gia boksi ya otomatiki iliyoandikwa "ya maisha" mimi siamini, yangu nabadilisha kila kilomita 60,000, kwa aina ileile inayotajwa na kitabu. Kwa CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, hasa usiweke ya kubahatisha.

Mimi kwenye gari nina daftari. Naandika tarehe, kilomita, nilichobadilisha, na mstari mmoja wa jinsi gari lilivyotumika miezi hiyo: "foleni tupu", "vumbi", "safari mbili ndefu". Ndio mstari huo unaoamua sevisi inayofuata, na fundi akiuliza namsomea.

Kitu cha mwisho kabla hujakwenda gereji, na hiki kifanye leo injini ikiwa baridi. Uji wa maziwa chini ya kifuniko kwa kawaida ni huo unyevu wa safari fupi, lakini unaweza kuwa gasketi ya kichwa imeachia na maji ya rejeta yanaingia kwenye oili. Chomoa dipstiki. Kama oili pale ni ya kahawia au nyeusi ya kawaida na uji uko juu tu kwenye kifuniko, nafuu ni kubwa. Kama hata kwenye dipstiki ina rangi ya chai ya maziwa, usiwashe gari, liite fundi hapo lilipo. Kama dipstiki iko sawa, weka alama ya kalamu kwenye chupa ya maji ya rejeta, uikague kila asubuhi kwa siku saba. Yakishuka bila kuonekana yanakovuja, njoo useme hapa yameshuka kiasi gani, na gari lilikuwa linatoa moshi mweupe au la.