Tafuta Kipaji Kwanza, Jina la Kazi Lije Baadaye

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi huko Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu ambacho watu wake wameunda vyombo kwa vizazi vingi. Hakuwahi kuchora ramani ya chombo. Aliingia msituni, akasimama mbele ya mti, akautazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaonyesha kwa kidole tawi litakalotoa taruma. Kwa maana mataruma, yaani mbavu za jahazi, hutafutwa katika miti iliyopinda yenyewe, kwani ukichonga pindo katika gogo lililonyooka nyuzi za mti hukatika na ubavu hukosa nguvu. Tawi hilo lilipochongwa kwa tezo, lilikaa mahali pake kana kwamba lilipimwa.

Mwanangu wa kwanza nilimpa jina la babu, nami nikaamini kwamba pamoja na jina amepewa mikono. Tangu alipofikisha miaka 12, kila likizo nilimpeleka kwa mafundi ashike keekee ya kutobolea mbao na ajifunze kukalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao za chombo, na kila likizo alirudi nyumbani mnyonge. Nilimwita mvivu, neno ninalolijutia hadi leo. Kila mtoto hupokea nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba, wala hakuna mzazi anayechagua ni nusu ipi. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hutofautiana, na methali ya mtoto wa nyoka haitoshi kumpangia mtoto kazi.

Aliyerithi jicho la babu alikuwa mpwa wangu wa kike, naye alikuwa mbele yetu miaka yote. Hutandaza kitambaa, hukitazama kimya vilevile, kisha hukikata bila kuchora hata mstari mmoja wa chaki, na vazi humkaa mwenyewe vizuri. Hatukumwona kwa sababu tulikuwa tunamtafuta mwenye tezo, naye alishika mkasi.

Kwa hiyo nakusihi, mzazi mwenzangu, uchunguze tabia iliyo chini ya kazi: subira, wepesi wa kukadiria kwa macho, sikio la sauti. Ukishaiona, mpe mtoto vifaa na mtu wa kumfunza, kwa kuwa damu peke yake haifundishi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972, lakini mtindo wake haukufa, kwa sababu baadhi ya jamaa zake walikuwa wamekaa karibu naye wakijifunza kwa kutazama mkono wake.

Waulize pia wazee wangali hai, na usiishie upande wa wanaume, ambao majina ya kazi zao ndiyo hukumbukwa. Mimi nilichelewa kumwuliza shangazi yangu. Nilipomweleza kuhusu mpwa wangu na mkasi wake, alisema kwamba mama yake babu alikuwa msukaji wa mikeka, aliyeweza kutazama lundo la miyaa iliyotiwa rangi na kusema, kabla hajaanza ukili wa kwanza, yaani utepe uliosukwa wa kushonea mkeka, mkeka utaishia wapi.