Nta iliyochanganywa tayari au ujichanganyie?

Dada, kwa swali lako la kama ununue nta ya mishumaa iliyochanganywa tayari au ujichanganyie nta ya soya na nta ya nyuki: ikiwa ndio unaanza, nunua iliyo tayari. Mshumaa ukizimika au ukitoa moshi utajua wa kulaumu ni utambi. Ukijichanganyia, kila kitu ni mshukiwa.

Mimi nilikimbilia kuchanganya. Nilisikia mafuta ya nazi hulainisha uso wa mshumaa, nikayamimina bila kupima. Mafuta hayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, nasi tuko Kisumu! Saa nane mchana nilikuta mishumaa yote imetoa jasho rafuni, ukigusa kidole kinazama kama kwenye Blue Band. Harufu ilikuwa tamu, hilo nakiri.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo ndiyo inayoupa mshumaa mgongo kwenye joto letu. Siku ukitaka kujaribu, anza na gramu 10 za nta ya nyuki kwa 90 za soya. Pima kwa mizani, achana na vijiko, na uandike kipimo chini ya kila gilasi. Utambi uliozoea soya tupu huenda ukazama hapo, ongeza unene kidogo.

Na sufuria ya nta iketi ndani ya maji moto, usiibandike moja kwa moja kwenye jiko.