Je, kuigiza ni kujizoeza uongo?

Swali: Ninauza mchele katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, na ninatamani sana kuwa mwigizaji, lakini kaka yangu anasema kuigiza ni kujizoeza uongo. Je, ni kweli?

Jibu: Hapana, dada yetu. Mteja anapochota mchele wa Kyela kiganjani, akaunusa na kukunja uso ili upunguze bei, nawe ukatabasamu ilhali miguu inakuuma, nyote wawili mnaigiza, wala hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Konstantin Stanislavski, mwalimu wa uigizaji wa Urusi, aliwataka waigizaji wajiulize wangefanya nini kama wangekuwa katika hali ya mhusika. Swali hilo, kwa maoni yangu, linadai ukweli mwingi. Ulizia masharti ya kujiunga na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.